Maoni ya Mwenye Timu na Mamlaka ya Mwenye Timu

Mwezi Oktoba 2009 kikundi cha matajiri wa Marekani kilichotaka kuinunua timu ya St. Louis Rams, mojawapo ya timu 32 za ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, kilimtoa mmoja wa watu wake. Huyo alikuwa Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio aliyesikilizwa na mamilioni ya watu, na msemaji mkali wa siasa za mrengo wa kulia. Hakutolewa kwa kukosa fedha, maana fedha alikuwa nazo. Alitolewa kwa sababu ya maneno aliyoyasema kwa miaka mingi juu ya watu weusi na juu ya mambo mengine ya siasa za nchi yake. Chama cha wachezaji kilimpinga. Mmoja wa wenye timu alitangaza hadharani kwamba hatampigia kura.

Tukio hili lilizusha swali ambalo mpaka leo vijana wetu wanalijadili vyuoni na vijiweni: je, ni haki mtu kuzuiwa kumiliki timu ya michezo kwa sababu ya maoni yake? Majibu yanayotolewa kwa kawaida ni mawili. La kwanza husema kila mtu ana haki ya kutoa maoni, kwa hiyo kumzuia ni uonevu. La pili husema mbaguzi hafai kukabidhiwa timu iliyojaa watu anaowadharau, kwa hiyo kumzuia ni haki. Kila jibu lina chembe ya ukweli. Lakini yote mawili yana upungufu mmoja: yanachunguza maneno ya mtu na kuyaacha mamlaka yake bila kuyagusa. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha, kwa kutumia historia ya Marekani kwenyewe, kwamba swali hili haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza swali lingine: kumiliki timu maana yake nini, na nani anayehukumu?

KUMILIKI TIMU NI NINI?

Watu wengi hudhani mwenye timu ni sawa na mwenye gari. Ni chake, akiendeshe atakavyo. Fikra hii ni potofu.

Kwanza, ligi kubwa za Marekani ni umoja uliofungwa. Timu haipandi daraja kwa kushinda wala haishuki kwa kushindwa. Anayetaka kuingia lazima akubaliwe na waliomo ndani. Katika ligi hiyo ya kandanda zinahitajika kura 24 kati ya 32. Kwa hiyo mwenye timu anapewa nafasi ya kipekee ambayo wengine wote wamezuiwa kuipata.

Pili, mwenye timu ana mamlaka juu ya kazi ya watu. Kijana anayetoka chuoni hachagui timu ya kuchezea. Timu ndizo zinazogawana vijana kwa zamu, na kijana aliyechaguliwa hufanya kazi mahali alipopangiwa au hukaa nyumbani.

Tatu, viwanja vingi wanavyochezea vimejengwa kwa fedha za umma, yaani kodi za watu ambao pengine hata nauli ya kwenda uwanjani hawana. Tena timu hubeba jina la mji. Mji mzima hulia na kucheka nayo.

Ukiyaweka haya matatu pamoja utaona kwamba kumiliki timu si sawa na kutoa maoni kijiweni. Ni kushika madaraka juu ya kazi za watu, juu ya mali iliyotokana na umma, na juu ya jina la mji. Mtu binafsi mwenye maoni mabaya huudhi masikio ya jirani zake. Mwenye madaraka mwenye maoni hayo hayo anaweza kuyageuza kuwa amri.

MARSHALL NA TIMU YA WEUPE WATUPU

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa George Preston Marshall, tajiri aliyepata fedha zake kwa biashara ya dobi. Mwaka 1932 alianzisha timu mjini Boston, na mwaka 1937 akaihamishia Washington, makao makuu ya nchi. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1945 ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na Marshall alikuwa miongoni mwa waliosimamia hali hiyo. Mwaka 1946 timu ya Los Angeles iliwachukua Kenny Washington na Woody Strode, na polepole timu nyingine zikafuata. Marshall hakufuata. Kwa miaka 15 iliyofuata timu yake ilibaki ya weupe watupu, katika mji uliokuwa na idadi kubwa sana ya watu weusi.

Tusidanganyike kwamba huu ulikuwa ukaidi wa mzee mmoja tu. Ubaguzi huo ulikuwa na msingi wa kiuchumi. Kwa muda mrefu timu ya Washington ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na majimbo ya Kusini, na Marshall alijenga mtandao wa redio na televisheni uliouza michezo yake kwa watazamaji weupe wa huko. Hapo maoni na faida vilishikana mikono.

Je, wenye timu wenzake walimzuia? La hasha. Walikaa naye meza moja miaka yote hiyo. Watu weusi waliandamana nje ya uwanja, na mwandishi wa michezo Shirley Povich alimshambulia Marshall gazetini mara kwa mara. Lakini kilichovunja ukaidi huo ni mamlaka ya umma. Uwanja mpya wa Washington ulijengwa kwenye ardhi ya Serikali Kuu. Mwaka 1961 Stewart Udall, waziri wa serikali ya Rais Kennedy aliyehusika na ardhi hiyo, alimwarifu Marshall kwamba anayebagua katika kuajiri hataruhusiwa kuutumia. Mwaka huo timu yake ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 14. Msimu wa 1962 wachezaji weusi waliingia, akiwemo Bobby Mitchell, ambaye mwaka huo huo aliongoza ligi nzima kwa kupokea pasi 72.

Hapa lipo funzo la kwanza, nalo ni kubwa. Udall hakumuuliza Marshall anafikiri nini moyoni mwake. Hakumtaka atubu. Alimwambia: ukitumia mali ya umma, utaajiri bila kubagua. Marshall alibaki na maoni yake mpaka kufa mwaka 1969, hata akaacha wasia ulioanzisha mfuko wa kusaidia watoto kwa sharti kwamba fedha zake zisitumike kuunga mkono mchanganyiko wa rangi. Maoni hayakubadilika, matendo yalilazimishwa kubadilika. Na wenye timu wenzake? Mwaka 1963 jina la Marshall liliingizwa katika orodha ya kwanza kabisa ya mashujaa wa mchezo huo.

KESI YA NGEDERE MBELE YA NYANI

Baada ya miaka ya 1960 hali ilibadilika. Harakati za watu weusi zilifanya ubaguzi wa waziwazi uwe aibu, na zaidi ya hapo uwe hasara. Ndipo wenye timu wakaanza kuhukumiana wao kwa wao kwa ajili ya maneno.

Mwaka 1993 Marge Schott, mwenye timu ya besiboli ya Cincinnati Reds, alifungiwa mwaka mmoja na kutozwa faini ya dola 25,000 kwa matamshi ya kuwatukana watu weusi na Wayahudi. Mwaka 1996, baada ya kutamka kwamba Hitler alianza vizuri, aliondolewa tena katika uendeshaji wa timu, na mwaka 1999 akauza sehemu kubwa ya hisa zake.

Lakini kesi inayofundisha zaidi ni ya Donald Sterling. Aliinunua timu ya mpira wa kikapu ya Clippers mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5. Utajiri wake ulitokana na majumba ya kupangisha. Mwaka 2006 Serikali ya Marekani ilimshtaki kwa kuwanyima watu weusi na familia zenye watoto nafasi katika majumba hayo. Mwaka 2009 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya kulipa zaidi ya dola milioni 2.7, bila yeye kukiri kosa. Tafakari, ndugu msomaji: tuhuma hizi zilihusu matendo. Zilihusu familia kukosa mahali pa kulala. Ligi ya mpira wa kikapu ilifanya nini? Haikufanya lolote. Sterling aliendelea kukaa kwenye kiti chake kando ya uwanja.

Miaka mitano baadaye, Aprili 2014, ilitolewa hadharani sauti yake, iliyorekodiwa katika mazungumzo ya faragha, akimkataza mwanamke asije na watu weusi kwenye michezo yake. Nchi nzima ilitetemeka. Wachezaji wa Clippers walivua fulana zao za mazoezi katikati ya uwanja, wakabaki na nyingine walizozivaa ndani nje. Wadhamini wakaanza kukimbia mmoja baada ya mwingine. Tarehe 29 Aprili 2014 kamishna wa ligi, Adam Silver, alimfungia maisha, akamtoza faini ya dola milioni 2.5, na kuanzisha hatua za kumlazimisha auze.

Timu iliuzwa mwaka huo huo kwa dola bilioni 2. Hebu tupige hesabu. Iliyonunuliwa kwa milioni 12.5 imeuzwa kwa bilioni 2, yaani mara 160. Hiyo ndiyo iliyoitwa adhabu! Na wale walionyimwa nyumba hawakuwa na kiti katika kikao kilichohukumu.

Wahenga walisema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Wenye timu wanapomhukumu mwenye timu, kipimo chao ni hasara. Palipokuwa na kilio cha wapangaji lakini wadhamini wametulia, palikuwa na kimya. Wadhamini walipokimbia, haki ikapatikana kwa siku nne. Hatusemi kwamba kumfukuza Sterling kulikuwa kosa. Wachezaji waliokataa kudhalilishwa walikuwa na haki, na bila umoja wao pengine asingeguswa. Tunasema kwamba aliadhibiwa kwa kauli ya faragha baada ya kuvumiliwa katika mambo mazito zaidi.

TURUDI ST. LOUIS

Sasa tunaweza kulitazama upya tukio la mwaka 2009. Limbaugh hakuwa mgeni katika mabishano ya michezo. Mwaka 2003 aliacha kazi ya televisheni ya michezo baada ya kudai kwamba mchezaji mweusi Donovan McNabb alisifiwa kupita kiasi kwa kuwa waandishi walitamani mweusi afanikiwe katika nafasi yake. Maneno hayo aliyasema mwenyewe mbele ya watazamaji. Wachezaji walio wengi katika ligi hiyo ni weusi, na walikuwa na kila sababu ya kuuliza mtu wa namna hiyo atawaajiri na kuwahukumu kwa kipimo gani.

Lakini katika joto la siku zile zilisambazwa pia kauli nyingine nzito zaidi alizodaiwa kuzitoa, naye akazikana, na waliozisambaza hawakuweza kuonyesha alizisema wapi na lini. Jambo hili halina budi kukemewa hata na sisi tunaochukia ubaguzi wa rangi. Anayemshtaki mtu kwa maneno lazima aonyeshe maneno yenyewe. Uwongo dhidi ya mtu mbaya unabaki uwongo, na kesho utatumiwa dhidi ya mtu mwema.

Tena tuangalie kilichofuata. Mwaka 2010 timu iliangukia mikononi mwa Stan Kroenke, aliyekuwa tayari na sehemu ya hisa. Huyu hakujulikana kwa maneno makali. Wenye timu wenzake walimpitisha bila taabu. Mwaka 2016, kwa kura 30 kati ya 32, walimruhusu aihamishie timu Los Angeles, na kuuacha mji wa St. Louis na uwanja ulioujenga kwa fedha za umma. Mji ulikwenda mahakamani, na mwaka 2021 ligi na mwenye timu wakakubali kulipa dola milioni 790.

Basi tujiulize. Kati ya mwenye maneno makali ambaye hakupata timu na mkimya aliyeipata, ni yupi aliyewanyang'anya watu wa St. Louis timu yao? Kipimo cha maoni peke yake kilimzuia mmoja mlangoni na kumfungulia mwingine, kwa sababu kilisikiliza midomo tu. Mkono haukuchunguzwa.

MKUKI KWA NGURUWE

Kuna hatari nyingine ambayo mwanafunzi wa historia hana budi kuiona. Kanuni ya kumzuia mtu kwa maoni yenye utata haiwaumizi wenye mali kwanza. Huwaumiza wafanyakazi.

Mwaka 1996 mchezaji wa mpira wa kikapu Mahmoud Abdul-Rauf alifungiwa na ligi kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa timu ya San Francisco, alipiga goti wakati wa wimbo huo kupinga watu weusi kuuawa na polisi. Baada ya msimu huo hakuna timu hata moja kati ya 32 iliyompa kazi tena. Alidai kwamba wenye timu wamekula njama, na mwaka 2019 dai hilo likamalizwa kwa makubaliano ya siri. Mwaka 2018 wenye timu walipitisha kanuni ya kuwalazimisha wachezaji walio uwanjani kusimama, kisha wakaisitisha baada ya miezi michache kwa kuogopa ugomvi.

Tofauti ni ya kutisha. Mwenye timu aliyetamka chuki aliondoka na bilioni 2. Mchezaji aliyepinga mauaji aliondoka bila kazi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ndiyo maana hatuwezi kuishangilia kanuni ya kuadhibu maoni kwa sababu tu leo imempata tusiyempenda. Panga lile lile liko mikononi mwa wale wale.

MAONI NA MATENDO: UZOEFU WA AFRIKA

Mtu anaweza kuuliza: je, Afrika haikuwazuia makaburu katika michezo? Iliwazuia, na ilifanya vyema. Lakini tuseme sawasawa walizuiwa kwa nini. Afrika Kusini ilitolewa katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1970, na katika Shirikisho la Kandanda la Dunia mwaka 1976, kwa sababu ya mfumo uliomkataza mwananchi mweusi kucheza katika timu moja na mweupe. Lile lilikuwa tendo, lenye sheria, polisi na magereza nyuma yake.

Msimamo huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo tuliilipa. Mwaka 1976, timu ya raga ya New Zealand ilipozuru Afrika Kusini wakati damu ya watoto wa Soweto haijakauka, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikushiriki Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilikuwa mojawapo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Watu hawatoi kafara ya namna hiyo kwa sababu ya maneno yaliyowaudhi. Waliitoa kwa sababu ya matendo yaliyowanyima wenzao utu.

HITIMISHO

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mambo manne.

Kwanza, maoni peke yake, hata yakichukiza, yasiwe sababu ya kumnyima mtu haki zake za uraia. Dawa ya maoni mabaya ni hoja nzuri.

Pili, kumiliki timu si haki ya uraia. Ni dhamana juu ya watu na juu ya mali ya umma. Anayeiomba dhamana lazima akubali kuchunguzwa: ameajiri vipi, amepangisha vipi, amewalipa vipi watu wake, ameutendea vipi mji. Maneno yake yataingia katika uchunguzi huo kama ushahidi wa atakavyotenda, nayo yathibitishwe kwanza.

Tatu, wanaohukumu wasiwe wenye timu peke yao. Wachezaji na wapenzi wa timu wawe na kiti chao.

Nne, na hili ndilo la msingi, tatizo la maoni ya mwenye timu hukua kadiri timu inavyokuwa ya mtu mmoja. Huko huko Marekani iko timu ya Green Bay Packers, ambayo tangu mwaka 1923 ni mali ya watu wa kawaida. Leo wenye hisa wake ni zaidi ya laki 5, hawapati gawio, na hakuna anayeruhusiwa kujilimbikizia hisa za kuwameza wenzake. Bila shaka miongoni mwao wamo wabaguzi na wenye kila aina ya maoni. Lakini hakuna anayeuliza kama maoni ya mmoja wao yaizuie timu, kwa kuwa hakuna mmoja anayeishika timu mkononi. Na ligi hiyo, iliyomvumilia Marshall miaka 30, imeweka kanuni zinazokataza timu nyingine kumilikiwa kwa namna hii. Hapo ndipo mtu anapoona ligi inaogopa nini.

Swali hili si la Wamarekani peke yao. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 zilikuzwa na wanachama. Tangu mwaka 2017, klabu ya Simba ilipoanza safari ya kuingia katika mfumo wa hisa, tumekuwa tukijadiliana juu ya asilimia 51 za wanachama na 49 za wawekezaji. Katika mjadala huo wengi huuliza kama tajiri fulani ni mtu mwema, na kama anatupenda. Kada na mwanafunzi wauulize umma swali lililo gumu zaidi: siku tajiri huyo, mwema au mbaya, atakapotaka jambo tusilolitaka, je, asilimia zetu 51 zitakuwa na sauti kikaoni, au zitakuwa tarakimu kwenye karatasi? Anayengoja kujua moyo wa mwenye timu ndipo ajue usalama wa timu yake, huyo timu amekwisha kuipoteza.